Sumaku Mbili za Donatus

Jumanne asubuhi gitaa la Marselino lilinyamaza, na kufikia saa nne kota zote za mgodi zilikuwa na habari.

Watu waliliita meza, na kweli lilifanana na meza: miguu minne, nyuzi nane zimelazwa juu, pedali mbili chini za kukanyaga. Mpigaji aliketi kwenye stuli, akateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, na mlio ukatoka kwenye spika ukiwa mrefu, wa kuomboleza, hata wazee wasiopenda dansi walisimama nje kuusikiliza. Injinia mmoja wa Kizungu aliliacha Klabu alipohamishwa kwa sababu halikuenea kwenye lori la mizigo yake. Aliyejua kulipiga ni Marselino peke yake. Kwa ajili hiyo alipewa uangalizi wa Klabu ya Wafanyakazi, na kwa ajili ya uangalizi alipewa kota ya vyumba viwili. Gitaa likilia, nyumba ipo. Kila mtu alilijua hilo, na wengine walilijua kwa hamu.

Marselino alikuwa amelifungua juu ya mkeka, uani. Kutoka chini ya nyuzi alichomoa kipande kirefu cheusi, akakibandua nta kwa kisu.

"Hiki hapa," alimwambia mkewe. "Ndicho kinachodaka mlio na kuupeleka kwenye spika. Waya wake umekatika ndani. Ona, mwembamba kuliko unywele. Haurudi huu. Inatakiwa sumaku nyingine."

Serafina aliacha kupeta mchele. "Umesema nini?"

"Sumaku."

"Humu ndani ya nyumba yangu?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Katika ukanda huo wa dhahabu hakuna asiyejua kazi ya sumaku. Mtu akishachekecha mchanga wake kwenye karai, akabaki na ule mweusi mzito uliochanganyika na vumbi la dhahabu, huupitishia sumaku. Mweusi unanaswa, dhahabu inabaki. Mgodi haukumruhusu mtu yeyote kufanya hivyo nyumbani kwake. Sumaku na karai, vikikutwa chini ya paa moja, vilitosha kumpeleka mtu gerezani, na vilikuwa vimempeleka Bujiku, kaka yake Serafina, miaka miwili Shinyanga. Majirani walipomuuliza habari za Bujiku, Serafina alijibu kwamba yuko Mwanza, anafanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Hakuwahi kwenda kumwona. "Mwizi hana ndugu," Marselino alimwambia siku ile ya hukumu. "Ukienda, na sisi wataanza kututazama." Naye akatii.

"Ni ya gitaa, Mama Limi," Marselino alisema sasa. "Jumamosi ni dansi la mwisho wa mwezi. Karani Gregory ameshasema. Gitaa lisipolia, Klabu itachukua gramafoni yake, na uangalizi atapewa shemeji yake. Unataka tulale wapi?"

Serafina alichukua tena ungo wake. "Sawa. Lakini tutakwenda wote kuinunua. Nataka nione kwa macho yangu."

*

Fundi Donatus alitengeneza redio kwenye kibanda cha mabati sokoni Geita, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kotani. Alikuwa mtu wa maneno machache, na miwani yake ilikuwa na kioo kimoja tu kizima.

Aliweka sumaku mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ndogo, imechakaa, rangi yake ya fedha imebanduka. Aliitoa kwenye gitaa lililoangukiwa na ukuta. Ya pili aliitengeneza mwenyewe: kipande kikubwa cheusi cha sumaku ya mashine ya lori, kimezungushiwa waya mpya unaong'aa.

"Chukua hii ndogo," alisema.

"Na bei?"

"Ni moja. Kila moja mbuzi."

Marselino alicheka kwa pua. "Mzee na kijana bei moja?"

"Bei ni ya kazi, si ya sura. Hii kubwa niliijaribu tu, na sijui kama inafaa. Wamekuja watu watatu kuiulizia, na hakuna hata mmoja mwenye gitaa."

Serafina alimtupia mumewe jicho. Marselino hakuliona, au alijifanya hakuliona.

"Nijaribie basi niisikie."

"Betri imekufa. Njoo Jumatatu."

Jumatatu! Marselino alianza kumshuku fundi wazi wazi. Mtu anayekusukumia kitu kikuukuu, hataki ukisikie, na kipya chake anakisema vibaya, huyo ana mnunuzi mwingine anayemngoja. Ndivyo alivyowaza, na alijiona mwerevu sana. Akazichukua zote mbili, akatoka nje, akachuchumaa kwenye mtaro mbele ya kibanda. Mvua ya jana ilikuwa imeacha mchanga mweusi umejipanga mistari mistari. Alipitisha ile ndogo juu yake. Ikatoka na ndevu chache za mchanga. Akapitisha ile kubwa. Mchanga uliiparamia mpaka ikaota ndevu za padri.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Inayovuta sana ndiyo inayosikia sana."

"Bwana," Donatus alisema mlangoni, "gitaa si karai. Uzi unatakiwa ucheze. Sumaku ikiwa na nguvu mno inaushika, hauchezi."

"Uza unachouza, fundi. Gitaa niachie mimi."

Serafina hakuwa akisikiliza habari za nyuzi. Alikuwa akitazama mkono. Kiganja cha mumewe kiligeuka upande kidogo, kidole gumba kikaigonga sumaku mara mbili, mchanga ukamwagika wote mahali pamoja bila kutawanyika. Halafu akauchota tena, akaugonga tena. Mkono ule haukubabaika hata kidogo. Mkono wa mpiga gitaa umefundishwa na nani kumwaga mchanga hivyo?

Walimwacha pale mbuzi waliyekuja naye, yule mweusi mwenye mimba, ambaye Bujiku alimpa Serafina siku alipobatizwa mtoto wao Limi. Mbuzi alilia walipoondoka, na Serafina hakugeuka.

*

Alhamisi Marselino aliifunga ile sumaku kubwa, akawasha amplifaya, akaupiga uzi wa kwanza.

Mlio ulitoka kwa kishindo kilichotikisa glasi za Klabu, halafu ukafa papo hapo. Akapiga tena. Uliruka, ukayumba kama mlevi anayetafuta mlango, ukafa. Alikanyaga pedali, akateleza na chuma, akaongeza sauti, akapunguza. Ule mlio mrefu wa kuomboleza haukuwepo. Kulikuwa na kelele tu, fupi fupi, kama mtu anayekohoa. Alijaribu kuishusha sumaku iwe mbali na nyuzi, lakini ilikuwa nene mno, nafasi haikuwepo.

"Debe tupu haliachi kuvuma," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa Gregory, karani wa ustawi, kaptula imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Aliinama juu ya gitaa kama daktari. Pembeni mwa sumaku kulikuwa kumebaki mchanga mweusi, umeng'ang'ania. Gregory aliugusa kwa ncha ya kidole, akautazama, akakipangusa kidole chake kwa leso taratibu sana.

"Sumaku kubwa hii."

"Ya gitaa, karani."

"Naam," alisema Gregory. "Ya gitaa." Akatoka akipiga mluzi.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Maduhu, askari wa mgodi, alipiga hodi. Aliingia na rungu kwapani, Gregory akimfuata kama shahidi wa harusi.

"Wangaluka, mayu," alimwamkia Serafina kwa Kisukuma.

"Wangaluka, baba."

"Nduhu mhayo, mama, hakuna neno, ni kazi tu. Tumeambiwa kuna sumaku humu."

Walipekua. Walifunua godoro, wakamwaga unga kwenye ungo, wakafungua sanduku la nguo, na Gregory akainua gauni la ndani la Serafina kwa ncha ya kalamu, akalitazama kitambo, akalirudisha. Majirani walikuwa wameshajaa uani, kila mmoja amekumbuka kuazima kitu. Karai lilikuwepo, la kufulia, kama lilivyokuwepo kila nyumba. Sumaku ilikuwa kwenye gitaa, kwa kuwa Marselino alilirudisha jana akahangaike nalo nyumbani.

Maduhu aliomba sahani nyeupe. Aliikwangua sumaku kwa ukucha, mchanga ukadondoka. Akatia maji kidogo, akaizungusha sahani mara tatu, nne. Mchanga mweusi ukakimbilia upande mmoja. Nyuma yake ikabaki chembe moja ya njano, ndogo kuliko jicho la siafu.

Kisha mwanamke mmoja uani akasema, "Eee, Yesu," na wote wakaanza kusema pamoja.

"Ni ya mtaroni!" Marselino alipaza sauti. "Nilikuwa naijaribu! Geita hii, fagia uwanja wako, hutakosa chembe!"

"Kila ninayemkamata huniambia hivyo," Maduhu alijibu bila hasira. Akamgeukia Serafina. "Mama Limi. Mchanga huu umetoka wapi?"

Serafina aliutazama ule mkono wa mumewe. Moyoni aliamini kwamba anasafisha dhahabu. Aliamini tangu juzi mtaroni. Lakini swali halikuwa hilo.

"Umetoka kwenye mtaro wa sokoni, mbele ya fundi redio," alisema. "Nilikuwepo. Niliona."

"Mke atasema nini kingine?" Gregory alisema. "Mpige pingu, afande."

Maduhu alifikiri. Alikuwa mtu wa haki kwa kiasi ambacho kazi yake ilimruhusu. "Kama ni ya gitaa," alisema, "basi ilie. Ikilia, nitaandika ni ya gitaa. Isipolia, nitaandika nilichokiona kwenye sahani."

Msafara ukaenda Klabu, gitaa limebebwa na watu wawili, watu thelathini nyuma. Marselino aliketi kwenye stuli. Aliupiga uzi kwa upole wote aliokuwa nao duniani. Gitaa likakohoa. Akapiga mwingine, likakohoa. Jasho lilimtoka puani. Kila aliposogeza chuma chake, mlio uliyumba ukafa, na kila ulipokufa watu walisema "Aaa," wengine kwa huzuni, wengine hapana.

"Mwenyewe ameionyesha," Gregory alisema. "Hii si ya gitaa."

Ndipo Marselino alipoelewa alichokifanya. Aliambiwa achague sikio, akachagua mdomo wa kuvuta mchanga. Sasa mdomo huo ulikuwa unatoa ushahidi.

"Alichagua vibaya," Serafina alisema. "Kuna nyingine kwa fundi, ndogo. Fundi mwenyewe alimwambia achukue ile, akakataa. Nipe muda, baba, niilete."

Maduhu alitazama saa yake. "Gari la kituo cha polisi linapita saa kumi. Nitakaa naye hapa. Hii kubwa haiondoki, ni kielelezo."

*

Mbuzi wake alimtambua kabla ya fundi kumtambua. Alikuwa amefungwa nyuma ya kibanda, akalia mara moja, kama anayesema umechelewa.

Donatus alipolisikia jina la askari alianza kukusanya vyuma vyake mezani. "Mimi sikuuza kitu, mama. Sikuwaoneni."

"Fundi, hata sijakuamkia, tayari umeshaapa. Shikamoo."

"Marahaba."

"Nataka ile ndogo."

"Leta kubwa kwanza, tubadilishane."

"Kubwa iko kwa askari. Saa kumi ataniuliza tena ilitoka kwa nani. Nikiwa na ndogo mkononi, swali hilo litakuwa limekwisha. Nisipokuwa nayo, litakuwa linaanza. Mimi sijui kusoma, lakini jina lako nalijua kulitamka vizuri."

Donatus alivua miwani, akaifuta kioo chake kimoja, akaivaa. Akaitoa ile sumaku ndogo kwenye kopo la misumari, akamwonyesha waya gani unakwenda wapi, mara mbili, mpaka alipoweza kurudia. Serafina aliifunga kwenye ncha ya khanga.

"Nilimwambia, mama," Donatus alisema. "Nilimwambia, na wewe ulikuwepo. Lakini yule bwana siku zote ni wa kuvuta mchanga. Hata ile nyingine aliichagua hivyo hivyo, hapo hapo mtaroni."

"Nyingine ipi?"

Fundi aliona amekwisha kuteleza. "Ya mwaka juzi. Ile ndogo ya ukubwa wa kiberiti. Alikuja na kijana mmoja mwenye kovu shingoni. Kijana alikuwa amesimama tu, anaogopa. Aliyepima ni bwana, aliyelipa ni bwana. Nilidhani unajua."

Bujiku alikuwa na kovu shingoni. Alilipata utotoni, kwenye waya wa boma la ng'ombe, Serafina akimfukuza kwa mchezo.

Sumaku ya ukubwa wa kiberiti ndiyo iliyowekwa mbele ya hakimu. Bujiku aliulizwa ni ya nani, akasema ni yake. Aliulizwa kama alikuwa na mwenzake, akatazama chini, akasema hapana. Serafina alikuwa amekaa benchi la nyuma siku ile, akiona aibu, na kando yake mumewe alimshika mkono.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Kwenye daraja la mto mdogo alisimama. Aliifungua ncha ya khanga, akaitazama ile sumaku kuukuu katika kiganja chake. Mto ulikuwa umejaa. Kuifungua mikono tu kulitosha, na saa kumi gari lingepita, na miaka miwili ingelipwa kwa miaka miwili. Alimchukia mumewe pale darajani kwa moyo wake wote. Hakukuwa na namna nyingine ya kulisema. Alikaa pale mpaka mtu wa baiskeli akampigia kengele apishe.

Lakini kosa hili Marselino hakulitenda. Mchanga ulikuwa wa mtaroni, na Serafina aliuona. Alishajua inavyokuwa mtu anapofungwa kwa sumaku isiyo yake, na hakutaka kuwa wa pili kulifanya hilo katika nyumba moja. Akafunga khanga yake, akatembea haraka.

*

Saa tisa na nusu Marselino aliziunganisha nyaya mbili, mkewe akimwelekeza kwa sauti isiyo na joto: huu hapa, huu pale. Sumaku ndogo ililala chini ya nyuzi kwa nafasi. Aliupiga uzi mmoja, akateleza na chuma, akakanyaga pedali.

Mlio ulipanda. Ulikwenda, ukaendelea kwenda, ukapinda, ukashuka kwa machozi, na ulipofikiriwa umekwisha ulikuwa bado upo. Nje ya dirisha mtu alipiga kelele ya furaha. Maduhu alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Hii ya gitaa," alisema. Aliichukua ile kubwa, akaitia mfukoni. "Na hii ni ya mgodi tangu leo. Marselino, siku nyingine nunua kwa masikio." Gregory alikuwa ameshaondoka, gramafoni yake ilibaki ndani ya boksi lake.

Marselino aliinuka kwenye stuli huku analia na kucheka. "Mama Limi, umeniokoa. Umeiokoa nyumba."

"Fundi anakumbuka kovu la kaka yangu," Serafina alisema.

Marselino akakaa tena. Alisema polepole, "Alikubali mwenyewe. Alisema yeye hana mtoto. Mimi nilikuwa na wewe na Limi." Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa."

"Na mimi ukanizuia nisiende kumwona. Hilo nalo alikubali mwenyewe?"

Marselino aliizima amplifaya.

Dansi la Jumamosi lilifana, walivyosema waliocheza.

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, Serafina alivaa viatu, akamfunga Limi mgongoni, akajitwisha kapu la karanga za kukaanga, mihogo na kipande cha sabuni. Marselino alimfuata mpaka mlangoni, shati halijafungwa vifungo.

"Nikusindikize? Nikamwambie mwenyewe..."

"Utakwenda zamu yako. Leo ni yangu." Alirekebisha kapu kichwani. "Kaa. Nyumba hii ni ya anayepiga gitaa. Piga."

Lori la Shinyanga lilikuwa limejaa watu na magunia ya pamba, na nusu ya waliokuwemo walikuwa wa kotani. Walimtengea nafasi, wakalitazama kapu, wakatazamana. Mwanaima, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama Limi, na mzigo wote huo, Shinyanga unakwenda kwa nani?"

"Gerezani," Serafina alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa dereva. "Kwa kaka yangu Bujiku."